Kalenda ya Ba na Hodi ya Jua

Wiki ya kwanza baada ya kustaafu kwangu, Witness, niliyemwachia kazi yangu, alinipigia simu kuuliza faili la maelezo ya kalenda liko wapi. Nikamwambia liko kichwani mwangu. Akasema, "Mama Neema, kichwa hakina bekapu. Tuandikie." Basi naandika, kwa ajili ya Witness na ninyi wengine mliobaki hapo kiwandani mkinusa wino. Habari za kupandishwa cheo sitazigusa. Nilivyopandishwa mnajua, na nilivyorukwa mnajua zaidi.

Niliingia kwenye uchapaji nikiwa binti wa miaka ishirini na mbili, nimetoka nyumbani juu ya Kikatiti, mahali ambapo kazi niliyoijua vizuri ilikuwa kuchuma kahawa na kukata migomba. Mwenye kiwanda alikuwa Kantibhai, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, mzaliwa wa Arusha kama baba yake. Alinitazama mikono, akaniuliza kama naweza kukaa kimya kwa saa nzima. Nikasema naweza. Huo ulikuwa uongo, lakini alikuja kuugundua nikiwa nimeshaajiriwa.

Siku ya kwanza alinipeleka kwenye kabati la herufi za risasi. Siku hizo bado tulikuwa tunapanga kwa mkono, herufi moja moja, kabla ya pleti na kabla ya kompyuta. Droo za juu zilikuwa za Kiswahili na Kiingereza, na hizo sikuziogopa. Droo za chini zilikuwa za Kigujarati. Niliona vijidudu vyenye mikia, vingine vimejikunja, vingine vimenyoosha mkono, nikajua leo nitarudishwa Kikatiti. Kantibhai akasema, "Usisome, Furaha. Fananisha tu." Jina langu ni Elifuraha, lakini kwake na kwa mama yake nilikuwa Furaha mpaka mwisho.

Kwa hiyo nilijifunza Kigujarati kwa kufananisha, na kwa kuwa herufi ya risasi huwa imegeuzwa, nilijifunza kukisoma kinyume. Mwaka mzima nilikuwa naweza kusoma kadi ya harusi ya Kigujarati kwenye kioo, lakini mkinipa kadi yenyewe nahangaika. Msicheke. Ninyi mlianza na kibodi.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa kalenda ya ukutani ya Wahindu, ile yenye bati jembamba juu na kitanzi cha kutundikia. Mwaka wao mpya huanza baada ya Diwali, kwa hiyo ilibidi itoke kabla ya hapo, na iende Arusha nzima, Moshi, mpaka Babati. Kwa jicho la haraka ni kalenda kama nyingine, visanduku na tarehe. Ukisogea karibu, kila kisanduku kina jina kubwa katikati, na kuzunguka jina hilo kuna majina madogo na saa na dakika zimebanana kama kunguni. Niliuliza hivi vyote ni vya nini. Kantibhai akanyoosha kidole juu, kwenye dari. Kidogo nidhani anamaanisha Mungu. Alimaanisha mama yake, aliyekaa ghorofani.

Mama yake sote tulimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati chao. Ngazi za kwenda kwake zilikuwa kumi na nane, za mbao, na kila moja ilikuwa na mlio wake. Alikuwa mjane mdogo wa umbo, mwenye sari nyeupe, na Kiswahili chake kilikuwa cha Arusha kabisa, kwani alizaliwa mitaa ya nyuma ya Soko Kuu. Mezani alikuwa na vitu vitatu: kitabu kinene cha hesabu za anga kilicholetwa kutoka Rajkot, daftari jekundu, na kikombe cha chai ya maziwa na tangawizi.

"Shikamoo, Ba," nikasema.

"Marahaba. Unajua kutoa?"

"Kutoa nini?"

"Saa mbili na nusu."

Huo ndio ulikuwa usaili wangu wa pili. Kitabu cha Rajkot kiliandikwa kwa saa za India, nao wametutangulia kwa saa mbili na nusu. Mwezi ukifika mahali fulani angani, unafika kwa wote kwa wakati mmoja, ila saa za ukutani zinatofautiana. Kazi ya Ba kila mwaka ilikuwa kutoa saa mbili na nusu kwenye kila kisanduku, siku zote za mwaka, kwa penseli. Macho yake yalikuwa yanaanza kuingia ukungu, akatafuta mtu wa kumsaidia. Nikawa mimi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo Witness alitaka faili.

Siku ya Kihindu ina viungo vitano. Cha kwanza ni siku ya juma, na hicho hakuna wa kukosea, ingawa niliwahi kuona kijana mmoja akianza juma Jumanne. Cha pili ndicho jina kubwa la kisanduku, tithi, yaani siku ya mwezi mwandamo. Ba alinifundisha hivi: mwezi unaliacha jua nyuma, na kila ukipata hatua moja ya kutosha, hiyo ni tithi moja. Hatua thelathini, mwezi umekwisha. Kumi na tano za mwezi unaokua wanaziita *sud*, kumi na tano za mwezi unaopungua *vad*. Ya kumi ni Dasham, ya kumi na moja ni Agiyaras, na kadhalika. Cha tatu ni nakshatra, kundi la nyota ambalo mwezi umelala kwake, nayo yapo ishirini na saba. Cha nne ni yoga, ambayo unaipata kwa kujumlisha mwendo wa jua na wa mwezi. Hiyo nimeipanga miaka thelathini na sijawahi kuota ndoto juu yake. Cha tano ni karana, nusu ya tithi. Karana mojawapo huitwa Bhadra, na hiyo mtaikumbuka, kwani haianzishwi kazi ya heri ndani yake. Mashine ya ofseti ilipoletwa, fundi kutoka Moshi aliifunga asubuhi, akaambiwa asiiwashe mpaka saa tisa alasiri. Alikula mara tatu nyumbani kwa Kantibhai siku hiyo. Baadaye alikuwa anauliza kwa simu lini tutanunua mashine nyingine, na kama itakuja na Bhadra.

Ugumu uko kwenye tithi. Mwezi hautembei kwa mwendo mmoja, mara unaharakisha, mara unajivuta. Kwa hiyo tithi inaweza kuanza saa yoyote, mchana, jioni, alfajiri, na inaweza kuwa fupi kuliko siku au ndefu kuliko siku. Nikamuuliza Ba, kama Dasham inaisha saa nane mchana na Agiyaras inaanza hapo hapo, basi siku hiyo inaitwaje? Ndipo akanipa sentensi ambayo nimeibeba maisha yangu yote.

"Jua likichomoza linapiga hodi," alisema. "Tithi inayoitikia kutoka ndani, siku yote ni yake. Hata kama itaondoka baada ya dakika tano."

Nilicheka kwa furaha, kwa sababu niliielewa mara moja. Ndiyo maana siku mbili mfululizo zinaweza kuwa na jina moja, kama tithi ni ndefu na imepigiwa hodi mara mbili. Na ndiyo maana jina linaweza kurukwa, kama tithi imeingia baada ya hodi na kutoka kabla ya hodi nyingine. Kila mwaka kuna mteja anayekuja na kalenda mkononi kusema tumechapa siku mara mbili, na mwingine anayedai tumemwibia moja. Wakaribisheni chai, muwaeleze.

Kilichonipendeza zaidi ni kwamba hata sisi tunaanzia jua. Jua likitoka tunaanza kuhesabu saa, saa moja asubuhi, saa mbili. Ba alisema, "Ninyi na sisi tuna akili. Wazungu wanaanza siku usiku wa manane, mtu hata haoni saa yake."

Kanisani kwetu walisikia. Mama yangu alihofia, mchungaji akaniita. Aliniuliza kwa upole kama kweli mtoto wa Kilutheri anachapa kalenda ya miungu mingine. Nikamuuliza, "Baba Mchungaji, Pasaka inahama kila mwaka. Nani anaihamisha?" Akafikiri, akaanza kucheka kabla hajajibu. Pasaka nayo hutafutwa kwa mwezi mpevu. Alichoniomba ni kwamba nikipata nafasi nimwangalizie Pasaka ya mwaka unaofuata, apange kipaimara.

Kisha nikaolewa. Mume wangu alikuwa anafanya kazi chuo cha misitu Olmotonyi, tukahamia huko, na hapo nikapata tatizo la kitaalamu. Nyumbani Kikatiti jua huwahi, linatokea upande wa Kilimanjaro bila kizuizi. Olmotonyi mko nyuma ya Mlima Meru, jua lazima lipande mgongo wote wa mlima kabla halijawafikia. Majirani walikuwa wameshapiga mswaki, wamekamua ng'ombe, na jua bado halijaripoti kazini. Nikamwendea Ba na hoja yangu: hodi ipi inahesabiwa, ya Kikatiti au ya Olmotonyi?

"Jua halichelewi, Furaha. Mlima ndio umesimama mlangoni," alisema. "Sisi tunahesabu kana kwamba mlima haupo. Lakini tunahesabu la Arusha. La Rajkot limeshapiga hodi zamani, wao wako kwenye chai ya pili."

Nilimsikia. Niliitikia "ndiyo, Ba." Kusikia na kuitikia ni kitu kimoja, kushika ni kingine, kama mtakavyoona.

Macho ya Ba yaliendelea kupungua, mpaka mwaka mmoja akaniachia kalenda nzima niifanye peke yangu, kitabu na hesabu. Daftari jekundu alibaki nalo. Ndani yake kulikuwa na miaka yote aliyowahi kukokotoa, na sheria zake ndogondogo za kazi. Alisema, "Hili utalipata nikiona kazi." Baada ya Diwali akaenda Moshi kwa binti yake, kutibiwa mtoto wa jicho, akakaa huko miezi saba.

Ba alikuwa na utaratibu: kwanza anaandika saa, kisha ndipo anaandika jina. Saa kwanza, jina baadaye. Mimi niliona anapoteza muda. Tulikuwa tumeshaacha herufi za risasi na kuingia kwenye filamu na pleti, na majina makubwa yalihitaji kupangwa mapema. Kwa hiyo nikawa mjanja. Nikanakili majina yote makubwa ya mwaka mzima moja kwa moja kutoka kitabu cha Rajkot, nikayapeleka kwenye filamu, na saa ndogo nikazitoa baadaye, saa mbili na nusu, saa mbili na nusu, bila kosa hata moja. Nilimaliza wiki tatu kabla ya wakati. Kantibhai alinisifu mbele ya wote, nami nikajiona fundi.

Kalenda ikatoka, ikatundikwa. Miezi ikapita.

Sasa niwaeleze juu ya mfungo mmoja. Kila Agiyaras, wanaoshika dini hufunga, lakini kuna moja, katika mwezi wao wa Jeth, mnamo Juni, ambayo ni kubwa kuliko zote. Wanaiita Bhim Agiyaras. Siku hiyo mfungaji hali kitu wala hanywi hata tone la maji, mpaka kesho yake. Ba alikuwa ameifunga miaka arobaini na miwili bila kuruka hata mwaka mmoja. Kantibhai alipokuwa wa miaka mitatu alishikwa na homa, akakata tamaa kila mtu, na mama yake akaweka nadhiri: mtoto akipona, nitaifunga maisha yangu yote. Mtoto alipona, akanenepa, akavaa miwani yenye uzi. Na Ba hakuwahi kukosa.

Mwaka huo alirudi kutoka Moshi Jumapili. Macho bado yalikuwa na kitambaa, haoni. Kalenda yangu ilisema Bhim Agiyaras ni Jumanne.

Jumatatu asubuhi niliingia kazini, nikachukua rundo la karatasi zilizoharibika ili nifutie wino kwenye rola. Karatasi ya juu ilikuwa nakala ya zamani ya kukagulia kalenda, ile prufu, ya mwezi huohuo. Nilikuwa nimeshaikunja mkononi nilipoona kisanduku cha Jumatatu. Jina kubwa: Dasham. Saa ndogo chini yake: mwisho, saa kumi na dakika arobaini alfajiri.

Nilisoma tena. Dasham ilikuwa imeondoka alfajiri, bado giza. Jua la Arusha lilitoka saa kumi na mbili na nusu, nililiona kwa macho yangu nikija. Lilipopiga hodi, Dasham hakuwemo. Nani aliitikia? Nikaangalia Jumanne. Agiyaras, mwisho, saa kumi na dakika hamsini alfajiri. Kesho jua lingepiga hodi kwenye nyumba ambayo Agiyaras ameshahama.

Rajkot walikuwa sahihi. Kwao Dasham iliisha saa moja na dakika kumi asubuhi, jua limeshatoka, kwa hiyo Jumatatu yao ni Dasham na mfungo wao ni Jumanne. Lakini hapa Arusha, Bhim Agiyaras ilikuwa leo. Ilikuwa sasa. Na saa ya ukutani ilisema saa tatu na nusu, na Ba hunywa chai yake saa moja.

Niliketi juu ya boksi la karatasi. Nisiwadanganye, wazo la kwanza halikuwa jema. Niliwaza: nani atajua? Ndugu zao wote India watafunga kesho. Arusha nzima itafunga kesho. Ba haoni. Nikikaa kimya, atafunga kesho kwa moyo safi na atakufa akiamini hajawahi kukosa. Nikipanda juu, nitamwambia mwanamke mzee kwamba miaka arobaini na miwili imekatika leo asubuhi kwa kikombe cha chai, na aliyeikata ni mimi. Kumwambia kungemsaidia nini? Niliogopa sana. Niliogopa kupoteza kazi, lakini zaidi niliogopa uso wake.

Kilichoninyanyua ni zile saa ndogo. Zilikuwa sahihi zote, nimezitoa mwenyewe, na zilikuwa zinanitazama. Mtu mwenye kujua angezisoma siku moja na kuona kwamba aliyezipanga aliijua kweli na akaandika jina la uongo juu yake. Nikapanda ngazi. Kumi na nane, zote zililia.

Ba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kitambaa machoni, mikono magotini.

"Ba," nikasema. "Ba, nimekosea. Niliandika majina kwanza. Leo jua lilipopiga hodi, Dasham alikuwa ameshaondoka. Bhim Agiyaras ni leo, Ba. Si kesho. Nisamehe, nimekuvunjia mfungo."

Alinyoosha mkono, akapapasa meza, akakisogeza kikombe mbele yangu. Kilikuwa kimejaa mpaka juu. Chai ilikuwa imepoa, maziwa yameweka utando mnene ambao hata nzi angetembea juu yake.

"Mkwe wangu, mke wa Kantibhai, hunisomea kisanduku kila asubuhi akileta chai," alisema. "Leo akasoma, Dasham, mwisho saa kumi na dakika arobaini. Nikajua."

Nikakaa chini pale pale sakafuni. Nililia, na nilikuwa ninacheka wakati huohuo, sijui kipi kilianza.

"Kwa nini hukuniita?" nikauliza.

"Saa nne ningekuita. Watu lazima waambiwe." Akageuza uso upande wa mlango. "Nilikuwa nasikiliza ngazi."

Asubuhi iliyobaki ilikuwa ya simu. Kantibhai alipiga nyumba baada ya nyumba, Arusha, Moshi, Babati, mimi namsomea namba. Wengine walikuwa hawajala, wakashukuru. Wengine walikuwa na kipande cha chapati mdomoni, nilikisikia kwenye simu. Kuhani wa hekalu alisema aliyekula kwa kutojua aanze kufunga anapopata habari, na Mungu hana saa ya kusaini kuingia kazini. Mimi nikaamua kufunga pia, bila kuombwa na mtu. Mlutheri wa Kikatiti, bila maji, siku ya kazi. Ilipofika saa nane nilikuwa nasimama mbele ya mashine ya kukata karatasi nikiona mashine mbili. Ujumbe ukashuka kutoka ghorofani: "Furaha asiguse kisu. Mfungo hauhitaji vidole."

Nilipokagua mwaka mzima nilikuta visanduku zaidi ya thelathini vyenye jina la Rajkot. Vingi vilikuwa siku za kawaida, zisizo na mfungo wala sherehe, ndiyo maana miezi saba ilipita bila kelele. Tulichapa vibandiko, na jioni kwa jioni mimi na Kantibhai tulizunguka nyumba kwa nyumba na gundi. Nilitambulishwa kila mlango kama "yule aliyetufungisha mara mbili," kwani wapo waliofunga Jumatatu na Jumanne zote kwa usalama. Nilikunywa chai nyingi kuliko maisha yangu yote ya kabla. Hapo ndipo nilipofahamiana na mji huu.

Diwali ilipokaribia, Ba alinipa daftari jekundu. Macho yake yalikuwa yamepona vya kutosha kuniona ninavyolipokea kwa mikono miwili. Ukurasa wa kwanza aliandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa shule: *Saa kwanza, jina baadaye.* Aliendelea kufunga miaka mingine tisa, akafariki akiwa na mifungo hamsini na miwili kamili. Kila Juni namkumbuka, na kila Juni sinywi maji siku hiyo. Mume wangu alikuwa akiwaambia wageni, "Mwacheni, leo ni Mhindu."

Basi nije mwisho, na hili Witness hulijui mpaka leo unaposoma.

Siku hizi kompyuta inakokotoa yenyewe, ukiiambia mko mji gani, nami sina ugomvi nayo. Ijumaa ile ulipoileta prufu ya mwisho hapa Kimandolu ninakoishi sasa, uliniambia mashine inaanza Jumatatu, ukaondoka na bodaboda kabla sijavaa miwani. Nilipoivaa, nilikagua visanduku vyote. Saa ndogo zote zilikuwa za Arusha. Majina yote yalikuwa ya Arusha, isipokuwa moja. Orodha ya mifungo mikubwa uliinakili kwenye kalenda fulani ya Rajkot, najua, kwa sababu ni mkato uleule. Kisanduku kimoja cha Juni kilikuwa na jina lisilokubaliana na saa zake.

Nilishika simu, nikaiweka chini. Nikajipangia: Jumamosi saa nne nitakupigia. Kabla ya hapo, hapana.

Jumamosi nilipika chai, ya maziwa na tangawizi, nikaiweka barazani. Daftari jekundu nililifunga kwenye gazeti, nikaliweka pembeni ya kikombe. Ilipita saa mbili. Ilipita saa tatu. Majirani walinisalimia, nikawajibu vibaya. Niliona aibu kwa jinsi moyo ulivyokuwa unanidunda, mtu mzima mwenye wajukuu. Saa tatu na dakika arobaini pikipiki ilisimama nje kwa kelele, na sauti yako ikaingia kabla yako.

"Hodi! Mama Neema, hodi! Shikamoo!"

"Marahaba, karibu. Mbona unahema?"

"Mama, nimekosea. Kile kisanduku cha Agiyaras ya Juni. Nilinakili jina kabla sijaangalia saa. Jua la hapa halimkuti Agiyaras siku hiyo. Nimewaambia wasimamishe pleti mpaka nirekebishe. Samahani, Mama, watu wangesema ni kazi yako, ungeaibika."

Ulikuwa na wino shavuni na machozi karibu. Ukaketi, ukaona kikombe, ukakigusa kwa kidole kama mtoto wa watu mwenye adabu anayetaka kubadilisha mada.

"Mama, chai yako imepoa. Nikupashie?"

"Iache," nikasema, nikakusogezea daftari. "Nilikuwa nasikiliza geti."